Ukikosea Kwenye Mashine, Unarudije?

Julai iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Chang'ombe, Dodoma. Saa moja usiku giza likaingia ndani ghafla. Haukuwa mgao, uniti tu zilikuwa zimeisha. Nikanunua umeme kwa simu, ujumbe ukaja na zile namba 20, nikanyoosha mkono kuchukua rimoti ya LUKU, ile mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Mama akaniwahi. "Ngoja, mwanangu. Hiyo ina utaratibu wake."

Utaratibu wenyewe ni huu. Anamwita binti wa jirani aliye darasa la saba amsomee namba kwenye simu. Mama anaziandika nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nne nne, mafungu matano. Kisha anabana tochi kwapani, anabonyeza fungu la kwanza, analiwekea vema kwa penseli, anakwenda la pili. Usiku ule, kwenye fungu la nne, alibonyeza sita pahala pa tisa. Hakujua. Akamaliza zote, rimoti ikakataa, akaanza upya tangu namba ya kwanza. Kosa lilikuwa moja, lakini namba zote ishirini zikabeba hatia.

Ninaishi Leeds, Uingereza, mwaka wa nane sasa. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya watu wanapojaribu programu na mashine mpya, na kuandika pale wanapokwama. Miaka yote hiyo nimelipwa kutafuta kitu ambacho mama alishakitengeneza kwa penseli: namna ya kujua umefika wapi, na namna ya kutopoteza ulichokwisha kukifanya.

Ndiyo maana nataka kuligusa jambo hili la jinsi tunavyosema na kompyuta, na jinsi njia hizo zinavyopimwa. Vitufe, kioo cha kugusa, sauti, vyote vinapendeza mtu anapofanya kila kitu sawasawa mbele ya aliyevitengeneza. Mimi naamini kipimo cha kwanza kiwe pale mtu anapokosea. Je, mashine inamwambia amekosea wapi? Inamrudisha hatua moja, au inamtupa mlangoni aanze safari upya?

Wataalamu wamezoea kuisimulia historia hii kama ngazi. Zilikuwepo kadi za kutobolewa, ikaja kibodi, kikaja kipanya ambacho Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco mnamo Desemba 1968, vikaja vioo vya kugusa, na sasa sauti. Kila kipya kinahesabiwa kuwa kimekipita cha zamani. Nikiwa Leeds nilikubali hivyo kwa muda mrefu. Nikiwa Dodoma siwezi.

Chukua nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli, namba ya kufungulia menyu ya M-Pesa ya kutuma hela kwa simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mama bado anaitumia kwa njia ile ile, kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe. Ukurasa mmoja wa menyu hizi hauzidi herufi 182, kwa hiyo aliyeuandika alilazimika kusema jambo moja tu na kunyamaza. Hauhitaji intaneti. Unafanana kwenye simu ya elfu thelathini na kwenye simu ya milioni mbili. Vidole vya mama vimekariri njia: moja, namba ya mtu, kiasi. Halafu, kabla ya namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Hapo mama anasimama. Analisoma jina kwa sauti, anamtazama aliye karibu, ndipo anaendelea. Nimeona vioo vya gharama kubwa huku ambavyo havina mstari mmoja wenye thamani ya ule wa jina, kwa sababu ule unakuja wakati kosa bado halijawa hasara.

Ubovu wake nao upo, na unauma. Ukichelewa kidogo kutafuta miwani, menyu inakatika. Hela imekwenda au haijakwenda? Haisemi. Mama huangalia salio, anangoja ujumbe, anaangalia tena, na usingizi umeshamruka.

Sasa sauti. Mwaka wangu wa pili huku nilipiga simu ofisi moja kuulizia barua niliyotumiwa. Ikapokea mashine: eleza kwa maneno machache unachohitaji. Nikaeleza. Samahani, sijakuelewa. Nikaeleza tena, polepole. Sijakuelewa. Mara ya tatu nikajikuta nabana pua na kuvuta maneno kama mtangazaji wa redio ya huku, ndani ya chumba changu, peke yangu, nikiiga sauti isiyo yangu ili mashine inikubali. Ikakata. Nilisoma Chuo Kikuu cha Dodoma miaka mitatu na mitihani yote niliandika kwa Kiingereza. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikajiona sijui kusema.

Baadaye nilisoma utafiti wa mwaka 2020 uliofanywa Marekani na Allison Koenecke na wenzake. Walipima mifumo ya kutambua sauti ya kampuni tano kubwa, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wasemaji Weupe, mifumo ilikosea wastani wa maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani Weusi, watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni, ilikosea 35. Nilishusha pumzi. Mdomo wangu haukuwa na kosa lolote. Waliorekodiwa kuifundisha mashine hawakuwa watu wanaosema kama mimi. Sasa mfikirie mama yangu, ambaye Kiswahili chake kina Kigogo, lugha ya kwetu Dodoma, ndani yake. Kila mwenye kuahidi kwamba sauti itawakomboa wasiosoma, kwanza aende wilaya zetu za Bahi na Mpwapwa akasikilize watu wanavyosema. Kuna mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu wa kawaida huchangia sauti zao, na Kiswahili kimo. Wenye nafasi tuchangie, na lafudhi zetu zote.

Lakini jambo lililonibadilisha zaidi halikuwa mashine. Lilikuwa dodoso.

Katika kazi yetu kuna dodoso maarufu la maswali kumi. John Brooke alilitunga mwaka 1986 akiwa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, hapa hapa Uingereza, na bado linatumika dunia nzima. Mtu akishatumia mfumo, anasomewa sentensi kumi, na kwa kila moja anachagua moja hadi tano, kuanzia sikubaliani kabisa hadi nakubaliana kabisa. Sentensi za witiri zinasifu mfumo, za shufwa zinaulaumu. Mwisho unapata alama kati ya 0 na 100, na 68 huhesabiwa kuwa ya wastani.

Likizo ile nilikuwa na programu ya majaribio ya kuweka miadi ya hospitali, iliyotafsiriwa Kiswahili. Nikamwomba shangazi, aliyekuja kutoka Mvumi, aijaribu. Alikaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini, simu mapajani. Kwa dakika nne alitafuta mahali pa kuchagua siku. Aligusa picha ya kalenda, ambayo ilikuwa pambo tu. Akaigusa tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebisha hodi. Akaifuta kwa kanga akidhani ni vumbi. Mwisho akanirudishia kwa mikono miwili na kusema, "Nzuri sana, mwanangu. Macho yangu tu haya."

Nikamsomea dodoso. Mfumo ni rahisi kutumia? Nakubali. Mfumo ni mgumu bila sababu? Nakubali, mwanangu, kama unavyosema. Alikubali yote kumi. Nikapiga hesabu ya Brooke: anayekubali kila kitu hupata 50 kamili. Ukipeleka namba hiyo ofisini, watasema programu iko chini ya wastani kidogo, irekebishwe rangi. Ukweli ni kwamba shangazi hakuweka miadi kabisa.

Hapa ndipo Leeds na Dodoma zinapoachana. Leeds, mtu akikwama anailaumu mashine mbele yako. Anasema hiki kitu ni cha kipuuzi, nani amekitengeneza? Nami naandika, na wiki inayofuata kinabadilishwa. Nawapenda watu wa huku kwa hilo. Nyumbani mtu akikwama anajilaumu mwenyewe. Ni macho, ni uzee, sisi hatukusoma. Anakupa na sifa, kwa sababu wewe ni mgeni wake na umetoka mbali. Heshima yetu ni kitu kizuri na sitaki ipungue, lakini inaificha mashine mbovu. Kwa hiyo anayepima kwetu asiulize umeonaje. Atazame mkono. Ahesabu mara ambazo kidole kimerudi pale pale.

Wenzetu wana kanuni nyingine, ya Jakob Nielsen, kwamba watu watano tu wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya matatizo ya mfumo. Naikubali, ila ni watano wa wapi? Wanafunzi watano wa Leeds wasingeigusa ile kalenda mara mbili. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kinachopima kama kazi imekamilika, kwa nguvu kiasi gani, na kama mtu ameridhika, kinataka kwanza utaje ni watumiaji gani, wana lengo gani, katika mazingira gani. Mazingira yetu ni jua la saa saba mchana ambalo kioo cha simu kinageuka kioo cha kujitazamia. Ni vumbi. Ni kidole kilicholima uwele na karanga miaka arobaini, kikavu, chenye sugu, na kioo cha kugusa hutegemea umeme mdogo wa ngozi, kwa hiyo sugu ile mara nyingine hakiioni kabisa. Mwaka 2019, usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, mama alibonyeza gumba mara sita kwa wakala mmoja, likakataliwa mara zote sita. Akaambiwa aende akanawe. Alikuwa amenawa.

Nisiwanyime wa huku haki yao. Sheria ya Usawa ya 2010 na kanuni za 2018 za tovuti za umma zinawalazimisha kumhesabu asiyeona na mwenye mkono unaotetemeka. Mashine nyingi za kutolea fedha zina tundu la kuchomeka spika za masikioni, asiyeona akasomewa menyu. Hilo natamani lifike kwetu kesho asubuhi.

Nisilotamani lifike ni kumwondoa mtu. Kwenye duka kubwa la mtaani kwangu, mashine za kujilipia zimejaa na wahudumu wamepungua, na ukiweka mfuko wako vibaya mashine inapaza sauti kama umeiba. Mzee mmoja nilimkuta amesimama na mkate mkononi, hajui abonyeze wapi, na foleni inamwangalia. Soko la Majengo, Dodoma, hawezi kusimama hivyo hata dakika moja. Wakala atatoka nyuma ya meza yake, muuza nyanya atasema lete nikuoneshe. Huyo mtu wa pembeni ni sehemu ya mfumo wetu. Wanaotengeneza mashine za kuhudumia wananchi, ziwe za ofisi za serikali kule Mtumba au za stendi, wamwachie kiti.

Jumapili mama alinipigia. Binti wa jirani amefaulu, Januari anaripoti kidato cha kwanza, bweni, Kondoa. Nikasema hongera zake. Mama akanyamaza kidogo.

"Na namba za umeme atanisomea nani?"

Nilianza kumwambia habari za kumtafuta mtoto mwingine. Akanikatiza.

"Wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Kwani rimoti haiwezi kusema yenyewe? Nikibonyeza iseme: sita. Nikisikia sita, nami nilitaka tisa, nitajua pale pale."