Jino la mfu wa tauni linathibitisha nini?

Mwaka 2011 jenomu (DNA yote) ya Yersinia pestis, bakteria wa tauni, ilisomwa kutoka mabaki ya watu waliozikwa East Smithfield, London, kati ya 1348 na 1350. Kwa wengi, ubishi kuhusu kilicholeta Kifo Cheusi, mlipuko mkubwa wa karne ya 14, uliishia hapo. Wengine wanasema jino linabebeshwa mzigo usio wake. Naona pande zote mbili zina haki, ila zinajibu maswali tofauti.

Jino hupendwa kwa kuwa ndani yake mlipita damu. Mtafiti hulipangusa kwa klorini, hulimulika kwa miali ya urujuanimno, hulikata shingoni, kisha huchokonoa unga wa ndani, takribani miligramu 50. Unga hulowekwa usiku kucha katika EDTA, inayoondoa kalsiamu, pamoja na kimeng'enya cha kuvunja protini. DNA hunaswa kwa silika. Hutoka vipande vifupi, vingi havifiki herufi 100, na nchani herufi C zimechakaa hata zikasomeka T. Uchakavu huo ni mali: DNA iliyoingia juzi kwa mkono wa mchimbaji hainao.

Makosa mengi ya mwanzo yalitokana na kutegemea jeni moja, pla. Ipo kwenye plazmidi, yaani kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ndogo yenye nakala nyingi, kwa hiyo hupatikana upesi. Tatizo ni kwamba jeni inayofanana nayo imeonekana kwa bakteria wengine kabisa. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kuipata katika meno ya Montpellier. Mwaka 2004 kundi jingine lilipima meno zaidi ya 100 ya Ulaya likatoka mikono mitupu. Wakosoaji walikuwa sahihi kudai jenomu nzima. Walipokosea ni kuyapa matokeo tupu uzito mkubwa: mgonjwa aliyekufa kabla bakteria hawajajaa kwenye damu haachi kitu jinoni, na udongo wenye asidi hula kilichobaki.

Kuhusu njia ya maambukizi, jino ni bubu. Mwaka 2018 hesabu za vifo vya milipuko tisa ya Ulaya zililinganishwa na modeli tatu za hesabu za jinsi tauni inavyoenea, na katika saba iliyolingana vyema ni ya viroboto na chawa wa binadamu, si ya panya. Nayo ni modeli tu. Ukibadilisha makadirio ya muda wa kuambukiza, mkunjo wa vifo hubadilika.

Ushahidi hukaza pale vitu viwili vinapokutana. Karibu na ziwa Issyk-Kul, Kirgizistani, mawe ya makaburi ya 1338 na 1339 yanataja tauni kwa Kisiria, lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki. Mwaka 2022 bakteria ilipatikana kwa watu watatu kati ya saba waliopimwa, na ukoo wake unakaa kwenye shina la matawi yaliyotapakaa baadaye. Hata hivyo, hayo yanaonyesha ilikokuwapo mwaka 1338. Wanyama wagugunaji wa milimani walioibeba kabla ya hapo hawakuzikwa chini ya mawe yenye tarehe.