Kabla ya kuzipenda A zako mbili, angalia zimebaki chipu ngapi

Kuna namna mtu anavyokaa kwenye kiti akipewa A mbili kwenye poka ya mtandaoni. Mgongo unanyooka, na kidole kinakwenda kwenye kitufe cha kuongeza dau hata kabla hajaona nani kakaa wapi. Namjua mtu huyo vizuri, maana ni mimi. Kabla ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, hana kosa: A mbili dhidi ya mkono wowote wa mpinzani mmoja hushinda kwa wastani takriban mara 85 kwa 100. Tatizo ni kwamba karata tatu zikishafunguliwa mezani, bado kichwani tunaibeba ile 85.

Mimi naona ukubwa wa jozi si jambo la kwanza la kuangalia baada ya flopu. La kwanza ni chipu zilizobaki mbele yako zikilinganishwa na zilizo kwenye poti, lile rundo la madau katikati ya meza.

Nilijifunza kwa maumivu. Nilikuwa na blaindi kubwa 100 (blaindi ni dau la lazima kabla ya karata; kubwa hapa naihesabu chipu 1, ndogo 0.5) na A mbili, nikaongeza hadi 3, wakafuata wawili. Poti ikawa 9.5, pamoja na 0.5 ya blaindi ndogo iliyojitoa. Flopu ikaja 9, 8, 6. Nikaamua kuvizia: nikapita bila kuweka kitu, nikijiona mjanja. Wote wakapita. Karata ya nne ikawa 7. Sasa nikaweka dau, mmoja akatupa karata, wa pili akapandisha. Nikalipa. Karata ya tano akasukuma zote, nikalipa tena, huku moyoni nikisema hawezi kuwa nayo. Alikuwa nayo: J na 10, yaani mfululizo wa karata tano, 7 hadi J.

Hebu turudi kwenye flopu. Alikuwa anasubiri karata nane, 7 nne na Q nne, yaani nafasi ya kama 17% kwa karata iliyofuata, na mimi nikampa karata hiyo bure. Ningeweka nusu ya poti, bei hiyo ingemtaka awe na nafasi ya 25% ili kulipa kwake kuwe na maana, ukiacha anachotarajia kunikamua baadaye. Huenda angelipa tu na 7 ikaja vilevile. Sawa, lakini angeilipia.

Hata hivyo kosa kubwa lilikuwa pale alipopandisha. Kabla ya dau langu nilikuwa nimebakiwa na chipu 97 nyuma ya poti ya 9.5, mara kumi hivi. Ili chipu zote hizo ziingie kati, lazima mtu mwingine naye akubali kuhatarisha mlima wake, na kwenye meza za dau dogo ni nadra mtu kufanya hivyo akiwa na jozi moja tu. Wapo wanaopiga mkwara, najua. Si wengi kiasi cha kuniruhusu nilipe zote kila mara kwa jozi moja kwenye meza ya 9, 8, 6, 7.

Sasa geuza hali. Mtu kafungua kwa 3, nina K mbili, napandisha hadi 10, analipa, blaindi zinajitoa. Poti ni 21.5. Kama kila mmoja wetu alianza na 40 tu, zimebaki 30. Flopu ikiwa 9, 8, 6 hapo, sifikirii mara mbili, zinaingia zote. Akiwa na tatu za kufanana, hongera zake. Karata za mezani ni zilezile, na jozi yangu ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini uamuzi ni mwingine kabisa.

Kuhusu kuvizia: dhidi ya mtu mmoja, kwenye flopu kavu, isiyoelekea mfululizo wowote, kama K, 7, 2 za aina tofauti (kopa, uru, pau), ruksa. Wakiwa wengi, hapana. Dhidi ya wapinzani wanne wenye karata zozote, A mbili hushinda kama mara 56 kwa 100 tu, na hapo flopu haijafunguliwa.

K mbili zina kero yake. A hutokea kwenye flopu zaidi ya mara moja kwa kila tano, karibu 23%. Ukiwa na Q mbili, A au K huja kama 41%. Ukiwa na J mbili, karata ya juu yako huja 57%, yaani kuiona ni kawaida kuliko kutoiona. Kwa hiyo huwa nashangaa watu wanaolaani programu kila A inapowatokea. Mimi huweka dau dogo mara moja, nikilipwa napunguza mwendo. Kutupa papo hapo ni kutishika bure, kwa sababu mpinzani naye mara nyingi hana hiyo A.

Halafu lipo hili la mtandaoni. A mbili huja kwa wastani mara moja katika mikono 221. Mezani ana kwa ana unaweza kuzisubiri jioni nzima, na uchungu wa kuzitupa unaeleweka. Lakini mtu mwenye meza nne kwenye skrini, kila moja ikigawa mikono 60 au 70 kwa saa, huziona karibu kila saa. Wiki iliyopita nilizitupa kwenye karata ya nne, saa ya uamuzi ikiwa imebakiwa na sekunde tatu, baada ya mchezaji mkimya kupandisha ghafla. Hakuonyesha alichokuwa nacho. Kwenye meza ya pili nilikuwa tayari nimepewa 8 na 3.