Fimbo inafundisha, lakini haifundishi hesabu

Mwaka wa shule ukianza hapa Goma, wazazi wengi humwambia mwalimu neno lilelile: "Mwalimu, mtoto ni wako, umpige ajue." Wanasema kwa nia njema. Mimi napinga, na sababu yangu naitoa kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia.

Mnyama huyu ana seli za neva zipatazo 20,000 tu, nyingine kubwa hata zinaonekana kwa macho. Ndiyo maana mtafiti wa ubongo Eric Kandel, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, alimchagua. Mguse kidogo kwenye kimrija chake cha kutolea maji, atayakunja matamvua yake kidogo, kisha atayaachia. Sasa mguse vilevile, na kama nusu sekunde baadaye mpige shoti ya umeme mkiani. Rudia mara kadhaa. Mwishowe ule mguso mwepesi peke yake utamfanya ajikunje kwa nguvu na kwa muda mrefu. Lakini shoti ikitangulia mguso, somo hilo halishiki.

Siri iko ndani ya seli. Mguso unapopita kwenye seli ya hisia, kalsiamu huingia humo. Shoti nayo huzifanya seli nyingine zimwage serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, juu ya seli hiyohiyo. Kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli, kiitwacho adenili saiklesi, ambacho huamshwa na serotonini. Kikikuta kalsiamu imeingia hivi punde, hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya njia za potasiamu, yaani vijitundu vya kuitolea nje ya seli, hufungwa, na siku seli hiyo ikiguswa tena humwaga ujumbe mwingi zaidi kwa seli inayofuata. Mafunzo yakirudiwa kwa vipindi, protini iitwayo CREB huwasha jeni ndani ya kiini, na miunganisho mipya huota. Hata wale inzi wadogo wa ndizi zilizoiva, wakiwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo rutabaga, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha aina hiyo, hushindwa kuhusisha vizuri harufu na shoti. Konokono wa bahari na inzi wa jikoni, kemia moja! Kila nikilifikiri jambo hili nastaajabu.

Sasa tuingie darasani. Mtoto wa mwaka wa tatu, shati jeupe, amesimama mbele ya ubao. "Saba mara nane?" Kimya. Fimbo. Tazama ni nini kilichotangulia maumivu: swali, sauti ya mwalimu, ubao. Jibu, yaani 56, halikuwepo kabisa. Kwa hiyo kinachofungamana na maumivu ni swali lenyewe. Kesho yake swali likianza tu, mabega yanapanda, mikono inakwenda nyuma, na macho yanatafuta fimbo iko wapi.

Mtoto si konokono, najua. Ana lugha, ana fikra, na ubongo wake una mambo mengi kuliko haya. Lakini hata kwetu hofu hujengwa kwa ishara mbili kukutana kwenye seli kwa wakati mmoja, na kalsiamu imo. Anayeniambia "sisi tulipigwa na tukajua" namwomba awakumbuke pia wale aliokaa nao benchi moja, ambao hadi leo wakiona namba wanageuza uso.

Raha nayo hufundisha. Nyuki akinusishwa harufu, kisha akapewa tone la maji ya sukari, baada ya mara chache hutoa ulimi kwa harufu tu.

Walimu wetu wanafundisha watoto wanaobanana kwenye benchi, na mshahara wenyewe unachelewa. Siwadai maabara. Mtoto akikosa, mwalimu, mwambie jibu, uliza wengine wawili, kisha mrudie. Akipata, darasa zima limpigie makofi, na yapigwe palepale, si siku ya kutangaza matokeo.