Mwili si Gunia la Roho

Jioni ya siku tuliyomzika bibi yangu, kule Tanga, mzungumzaji mmoja alisimama barazani akatunasihi tusilie sana. Mwili, alisema, ni gunia tu. Kilichokuwemo kimeshaondoka, na gunia tupu halililiwi. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia pamoja na wanawake wenzangu, mikono yangu bado inanukia kafuri, na moyo wangu ukakataa.

Nilikataa kwa sababu mchana ule nilikuwa miongoni mwa tulioingia na mwosha. Maji ya mkunazi yalikuwa kwenye ndoo ya plastiki. Kabla hajateka kata ya kwanza, mwosha alichovya kiwiko, kama mtu anayejaribu maji ya kumwogesha mtoto mchanga. "Ya moto haya. Niongezeeni baridi." Binamu yangu, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza, akamuuliza kwa kunong'ona kama marehemu anasikia. Mwosha hakujibu, akangoja maji. Yalipoletwa akaanza upande wa kulia, akaminya tumbo taratibu, kila alipomaliza akafunika, na kila alipotaka kumgeuza alimwambia kwanza: "Bibi, tunakugeuza sasa." Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja mfupa wa aliye hai. Gunia gani linawekewa adabu ya namna hiyo?

Sisemi roho haipo. Nilikuwepo alfajiri ile alipokata roho, nikauona uso niliouzoea miaka yote ukigeuka kuwa kitu kingine kwa muda mfupi kuliko wa kumeza mate. Ninachobisha ni hesabu ya vitu viwili: hapa mtu, hapa chombo chake. Kiswahili tunachokisema kutwa hakiijui hesabu hiyo.

Sikiliza roho zetu zinakokaa. Mtu akishtuka, roho inamruka. Akingoja majibu ya daktari, roho iko juu. Wazee wa pwani wakisema fulani kakabwa roho, mkono wa mkabaji uko kooni. Qur'ani nayo, katika sura ya Al-Waqia, inaitaja roho pale inapofika kooni. Na mlafi tunamwita nani? Mroho. Yaani jina tulilompa mtu wa sahani mbili za pilau limetoka palepale panapotoka jina la kile kinachodhaniwa hakina haja na pilau.

Usiku wa kuamkia siku ile, bibi alikuwa siku ya tatu hajatia kitu mdomoni. Tukisoma Yaasin pembeni yake, akafumbua macho akasema, "Roho yangu inataka dafu." Mjomba akatoka usiku huohuo, Mungu anajua aligonga mlango wa nani, akarudi nalo saa saba. Tukamlowanisha midomo kwa pamba. Akameza kidogo, akakunja uso. "Hili koroma," akasema. Tukacheka huku tunalia, maana alikuwa sahihi: nyama ya dafu lile ilikuwa imeshaanza kuwa ngumu. Maneno yake mengine baada ya hapo yalikuwa shahada. Basi nauliza, aliyeonja ni nani? Ulimi au roho? Mimi namjua aliyeonja. Ni mwanamke aliyeuza nazi sokoni miaka mingi, na ujuzi huo haukuwa umehifadhiwa mahali pengine mbali na ulimi wake.

Neno nafsi linasema zaidi. Shuleni tulikaririshwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu: mimi, wewe, yeye. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba "mimi" nina nafsi ya kwanza mfukoni. Mimi ndiye nafsi ya kwanza. Majirani zetu Wakristo wanalo jambo hilohilo kwenye Mwanzo 2:7, ambapo mtu wa mavumbi anapuliziwa pumzi puani, kisha "akawa nafsi hai". Akawa! Hakukabidhiwa. (Roho na nafsi zote ni maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu. La kwetu tangu asili ni moyo, na mshairi wa Inkishafi, utenzi wa kale wa pwani yetu, akiyatazama magofu ya mji wa Pate, aliona wa kuzungumza naye ni moyo wake.)

Fikra ya gunia ina ukoo wake, na ni ukoo mkubwa. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, amemwonyesha mwalimu wake Socrates, saa chache kabla ya kunywa sumu, akizungumza kuhusu roho kama mfungwa anayekaribia kufunguliwa. Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa, Descartes, akachapisha hoja zake kwamba akili ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine kabisa. Aliyembana alikuwa mwanamke, Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, ambaye mwaka 1643 alimwandikia barua akitaka kujua roho isiyo na mwili inausukumaje mwili, wakati kusukuma kunahitaji kugusa. Wakaandikiana miaka kadhaa. Descartes akaishia kuiweka roho kwenye tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, jambo linalonikumbusha mgeni anayeulizwa anakaa wapi akataja kituo cha daladala.

Na kuna daktari mmoja wa Massachusetts, Duncan MacDougall, aliyekwenda mbali zaidi: akawaweka wagonjwa mahututi kwenye kitanda chenye mizani. Mwaka 1907 akatangaza kwamba mmoja, alipokufa, alipungua kiasi cha gramu 21. Wagonjwa walikuwa sita tu na vipimo vyao havikulingana, lakini gramu zile zinatajwa mpaka leo. Hivyo ndivyo gunia linavyomaliza watu. Ukishaamini kuna mzigo ndani, utautafutia mizani.

Nitaambiwa dini inasema roho hurudi kwa Mola wake. Naam. Aya ya 85 ya sura ya Al-Israa imeshatuambia kwamba roho ni katika mambo ya Mola na kwamba ujuzi tuliopewa ni mchache, nami hapo nanyamaza. Ila dini hiyohiyo inasema tutafufuliwa na miili, mpaka ncha za vidole. Wakristo nao hukiri ufufuko wa miili. Kama mwili ni gunia, kwa nini urudishwe? Mkulima akishauza mahindi, harudi kudai magunia akhera.

Mzungumzaji wetu alikuwa na nia njema, alitaka kutupunguzia. Lakini nadhani hakuwa amesikiliza simu za mchana ule. Ndugu wa Mombasa walipopiga, waliokuwa barabarani wanakuja, wakauliza mwili unatoka saa ngapi. Mama mdogo alikuwa na simu sikioni na mkono mwingine ndani ya sanduku la marehemu.

"Mama anatoka saa kumi," akajibu, akakata, akaendelea kupekua kanga moja baada ya nyingine, akimtafutia ya kumfunika.