Beringi laini haijapitwa na wakati

Ikitangazwa aloi (mchanganyiko wa metali) mpya ya beringi za injini, yaani vigae vinavyoishikilia krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, sifa ya kwanza kutajwa ni nguvu: inabeba mzigo mkubwa kuliko iliyoitangulia. Hoja hiyo ina uzito wake. Injini ndogo yenye turbo inatoa leo nguvu iliyokuwa ya injini kubwa, na msukumo wote wa pistoni unaishia kwenye kigae chembamba cha beringi. Aloi ya mvumbuzi Mmarekani Isaac Babbitt ya 1839, ya bati, antimoni na shaba, ingepasukapasuka hapo mapema.

Ila kubeba mzigo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukubali kuumia ili krenkshafti isiumie, na hiyo husahaulika.

Tazama beringi ya jadi ya tabaka tatu. Mgongo ni chuma, katikati shaba na risasi (metali laini, ledi), juu kabisa ni ngozi ya risasi na bati, unene wake mikroni 20 hivi. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara tatu. Chembe ndogo iliyoponyoka chujio la oili huzama katika ngozi hiyo na kufunikwa. Ikikosa pa kuzama, husimama kama ncha ya msumari na kuchora krenkshafti kila inapozunguka: kwenye mizunguko 3,000, michoro 3,000 kwa dakika, mahali palepale! Beringi hubadilishwa. Krenkshafti iliyochimbika hupelekwa kuchongwa, na haichongwi milele.

Hatari imeongezeka kwa magari yanayojizima kwenye foleni na kujiwasha tena. Kila uwashaji huanza oili ikiwa imeshatoka katikati ya metali mbili, na oili zenyewe siku hizi ni nyepesi.

Kuondoa risasi naunga mkono. Ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye magari kwa sheria ya 2000, na ruhusa ya muda kwa beringi za injini mpya ikakoma Julai 2011. Lakini aliyeiondoa risasi alipaswa kutafuta metali ya kurithi kazi yake. Bismuthi imejaribiwa: inayeyuka kwa nyuzi 271, risasi kwa 327, na ikikutana na bati mchanganyiko unaweza kuyeyuka kwa 139 tu, joto ambalo beringi yenye mzigo inaweza kulifikia. Alumini yenye bati asilimia 20 imefaulu zaidi, na punje za silikoni ndani ya alumini husugua makali ya krenkshafti ya chuma cha kusubu.

Kinachonipa moyo ni ngozi ya plastiki yenye grafiti inayopakwa sasa juu ya alumini ngumu: ulaini umerudishwa kwa mlango mwingine. Ningeomba ripoti za aloi mpya zianze na oili chafu na injini iliyowashwa na kuzimwa maelfu ya mara, ndipo tuoneshwe mzigo.