Gego la Miaka Sita: Bima Ilipe Kung'oa au Kuziba?

Mwaka juzi gego langu la chini, upande wa kulia, lilininyima usingizi siku tatu. Nilianza na karafuu, nikahamia kwenye panado, nikamalizia na diklopa, na usiku wa tatu nikawa nazunguka sebuleni nimeshika shavu kama mtu anayebembeleza kichanga. Asubuhi nikachukua kadi ya bima nikaenda hospitali moja ambayo sitaitaja. Dirishani walinihakiki bila tabu. Tabibu wa meno akaligonga jino kwa mpini wa kioo chake, nikaruka, akatikisa kichwa.

"Hili lingetibiwa mzizi, likazibwa, ukaendelea kulitumia," akasema. "Ila vifaa havipo. Kung'oa, naweza kukung'olea sasa hivi."

"Vinarudi lini?"

"Hapo nisikudanganye, kaka."

Ganzi, koleo, kipande cha pamba cha kuuma, na baada ya nusu saa nikawa nje. Nilikuwa nimeshasaini fomu. Katika hesabu za mfuko wa bima mimi ni mwanachama aliyekwenda na tatizo, akahudumiwa siku hiyohiyo, tena kwa gharama ndogo. Yote hayo ni kweli. Jino ndilo halipo.

Pengo hilo hunijia kila ninaposikia mjadala wa kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, cha bima ya afya kwa wote. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria yake Novemba 2023, na swali kubwa ni nini kiingie katika kitita cha msingi, na nini kiachwe kwa vifurushi vya ziada vya wenye uwezo. Figo zinazungumzwa, saratani inazungumzwa, uzazi ndiyo usiseme. Meno hupewa nusu sentensi, "na huduma za kinywa na meno", kisha watu wakaendelea na mengine. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya kupata huduma muhimu za afya ya kinywa. Kwa lugha hiyo hata mimi niliyetoka na pengo nimo ndani ya hiyo 80.

Wapo wanaosema meno yabanwe: bima ilipe kung'oa, kupasua jipu na kutibu taya lililovunjika, basi. Hoja yao si ya kubezwa, na wengi wanaoipinga hawajawahi kukaa na kikokotoo. Chukua CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Katika mikoa mingi kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawa kwa sita, unapata 5,000 kwa kichwa kwa miezi kumi na miwili. Humo humo imo malaria, wamo wajawazito, zimo dawa za presha za bibi. Ukitupia na kutibu mzizi wa jino, yaani kulisafisha ndani na kulijaza bila kuling'oa, kazi inayoweza kumrudisha mgonjwa kwenye kiti mara mbili tatu kwa vifaa ambavyo karibu vyote vinaagizwa nje, mfuko utakuwa umeahidi kitu usichoweza kukinunua. Hata NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wenye uhakika wa asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu kutoka kwake na nusu kwa mwajiri, haina shimo lisilo na kitako.

Halafu kuna tabia ya jino lenyewe. Ajali ya bodaboda haipigi hodi. Jino linapiga hodi miaka miwili. Mtu anajua kabisa kwamba lina tundu, anahamishia kutafuna upande wa pili, anangoja. Ukimwambia kuanzia Julai kuna kadi inayolipa kila kitu cha mdomoni, atajiunga Juni na Agosti yuko kwenye kiti. Watu wa bima wanaiogopa tabia hii kuliko ugonjwa wowote, na sisi tumeshaiona kwa watoto. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmoja mmoja, iliuzwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na NHIF ilipoisitisha mwaka 2023, maelezo yake yalikuwa kwamba walioandikishwa walikuwa kwa sehemu kubwa watoto ambao tayari wanaumwa, hivyo matumizi yakapita michango mbali sana. Sasa fikiria mdomo wa mtu mzima, ambao ni nadra kuukuta hauna cha kutibiwa.

Uingereza walilipia somo hilo mapema. Huduma yao ya taifa ya afya ilipoanza Julai 1948, meno yalikuwa bure, hadi seti nzima ya meno ya bandia. Watu waliokuwa wamevumilia miaka mingi walifurika kwa kiasi ambacho serikali haikukitarajia. Haikutimia miaka mitatu, mwaka 1951, serikali ikatangaza kutoza ada kwenye meno ya bandia na miwani, na Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma hiyo, akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Ada haikuondoka. Katika huduma iliyojengwa juu ya neno "bure", meno yakawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekewa bei.

Hata hivyo hesabu ya wabanaji ina upande mmoja isiougusa. Mara nyingi wapinzani wao husema "kuziba mapema kunaokoa fedha za mfuko baadaye". Natamani ingekuwa kweli kila mara. Kwa vitabu vya mfuko, kung'oa ni rahisi kwelikweli: mgonjwa mmoja, ganzi moja, faili linafungwa. Wachache tu huishia na uvimbe unaoshuka shingoni hadi kutishia njia ya hewa, wakalazwa na kupasuliwa kwa gharama kubwa. Walio wengi hung'oa wakarudi nyumbani. Gharama inakuwa imehama tu. Meno ya jirani yanaanza kuinama kuelekea pengoni, la juu linateremka kutafuta mwenzake aliyeondoka, chakula kinanasa, na lingine linaanza. Mfuko umeokoa, anayelipa ni mwenye mdomo, kidogo kidogo, na risiti haipo. Kwa hiyo hoja ya kutetea kuziba isijifiche nyuma ya akiba. Isimame kwenye swali ambalo hakuna anayeliuliza kwa mguu: mtu mwenye kidonda cha mguu kinachotibika, tungempa bima inayolipa kukata tu?

Wa upande wa pili, wanaotaka kila kitu cha meno kiwemo, hadi kofia zinazovikwa juu ya jino lililoharibika na nyaya za kunyoosha, nao wana upofu wao. Zahanati kwa kawaida haina kiti cha meno. Huduma inaanza kituo cha afya, mara nyingi hospitali ya wilaya, na anayeweza kutibu mzizi wa gego lenye mizizi mitatu utamtafuta mjini. Ukiandika haki hiyo kwenye kitita, aliye Masaki, Dar es Salaam, ataitumia kesho, na aliye kijijini Maswa atamchangia. Sijui kwa nini wanaopigania haki za wanyonge hawaoni kwamba kifurushi kinene cha meno, katika nchi ambayo madaktari wa meno wamejazana mijini, ni ruzuku kutoka kwa mkulima kwenda kwa mfanyakazi wa ofisini.

Na haki isiyo na mtu wa kuitekeleza ina sura mbaya. Turudi kwa Waingereza. Tangu mwaka 2006 daktari wa meno England analipwa kwa pointi za kazi: uchunguzi pointi moja, kuziba pointi tatu, kofia au meno ya bandia kumi na mbili. Hadi walipofanya marekebisho mwaka 2022, kuziba jino moja na kuziba sita kwa mgonjwa mmoja kulileta pointi zilezile tatu. Mgonjwa mwenye mdomo uliooza akawa hasara inayotembea. Madaktari wengi wakapunguza kazi za umma wakahamia kwa wanaolipa wenyewe, na Februari 2024 kliniki moja iliyopokea wagonjwa wapya wa umma huko Bristol ilivuta foleni ya mtaa mzima hadi polisi wakaja kuipanga. Kila mtu kwenye foleni ile alikuwa na haki kisheria.

Ugomvi wa bei tunaujua. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha NHIF kilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama zikidai bei mpya hazirudishi gharama. Mzozo ulihusu huduma zote, ila ukitaka kuelewa meno, anzia hapo. Bei ya kung'oa ikiwa inamrudishia mtoa huduma fedha yake na bei ya kuziba haifiki hata gharama ya vifaa, hahitaji kukataa mtu. Anaacha tu kuagiza vifaa. Vinakuwa "vimekwisha". Simtuhumu yule tabibu wangu; inawezekana kabisa alikuwa anasema ukweli mtupu. Ninachosema ni kwamba stoo tupu huanzia kwenye jedwali la bei.

Kinachonishangaza katika mjadala huu ni kwamba sehemu ya jibu ilizaliwa hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya madaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno yaliyotoboka bila mashine na bila umeme: unakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, unajaza tundu kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe na kuachia floridi, madini yanayoimarisha meno. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipotengwa kwa ajili ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likainadi njia hiyo dunia nzima. Mwaka 2021 saruji hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika hilo, pamoja na dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi inayopakwa kwenye tundu ili kuzuia uozo usiendelee. Kazi hii haimtaki bingwa wa Muhimbili. Tabibu wa meno aliyefunzwa, meza, na mwanga mzuri vinatosha.

Haitibu kila kitu. Gego langu lilikuwa limeshafika kwenye neva, saruji isingeliokoa. Lakini miaka mitatu nyuma, lilipokuwa tundu dogo tu linalonasa nyama, ingeliokoa.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye umri, jambo ambalo naona pande zote mbili zinalikosa. Sera ya msamaha wa ada za matibabu inamtibu bure mtoto wa chini ya miaka mitano. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Yaani msamaha unalinda meno ambayo yatang'oka yenyewe, halafu unakoma kabla ya lile atakalotafunia hadi uzeeni. Tena gego hilo ni mjanja: halingojei jino la utoto ling'oke, linaota nyuma ya yote, na mzazi analidhani ni la kutoka. Lina mikunjo mirefu juu, pipi inakaa, mswaki haufiki. Mtoto wa mwajiriwa anabebwa na kadi ya mzazi. Wa mama ntilie hana chochote, na akiumwa atakwenda kung'olewa akiwa na miaka tisa.

Ningepewa kalamu ya kitita, ningewaudhi wote. Kofia na meno ya kupandikiza ningeyaacha kwenye vifurushi vya ziada. Kuziba kwa vifaa vya mkono ningekulipa kwa kila mtu, kuanzia kituo cha afya, na bei yake ningeiweka juu kidogo ya kung'oa kwa makusudi, ili tabibu apate sababu ya kuagiza saruji. Watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili wangetibiwa bila kuulizwa kadi. Watu wa mfuko wataniambia bei kubwa ya kuziba italeta fomu za meno yasiyozibwa, na hapo sina jibu zuri. Udanganyifu wa madai ni ugonjwa wetu wa siku nyingi. Pengine kituo kimoja kikikaguliwa kwa kushtukiza, mgonjwa akaombwa afungue mdomo, vingine vitasikia.

Kuna jambo moja bado linanitatiza. Bima hukwepa "urembo", na ni sawa. Sasa mtu wa Arumeru au Hai mwenye meno ya kahawia, aliyekunywa tangu utotoni maji yenye floridi nyingi, madini yaleyale ambayo yakizidi huharibu rangi ya meno, tumwite mtafuta urembo? Kwa muda mrefu Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 za floridi kwa lita ya maji, wakati Shirika la Afya Duniani likipendekeza zisizidi 1.5. Maji hayakuchaguliwa na mtoto aliyeyanywa. Nikitazama fedha nasema meno hayo yangoje. Nikimtazama msichana anayecheka kwa kuziba mdomo na kiganja, siwezi kulisema hilo kwa sauti.

Binti yangu ametimiza miaka sita, na gego lake la kwanza la chini limeshatoboa ufizi. Wiki iliyopita nilimpeleka akaguliwe, na kabla ya kutoa kadi nikamuuliza dada wa dirishani kama vifaa vya kuziba vipo. Akacheka, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa na mtu asiyeumwa. Akapiga simu chumba cha meno.

"Vipo," akasema, "ila vimebaki vya watu wanne." Tukapewa namba tatu.