Hesabu ya kivuli Kisumu

Kila mti mkubwa unapoangushwa Kisumu kupisha jengo au barabara, jibu huwa tayari: tumekata mmoja, tutapanda kumi. Anayeendelea kulalamika baada ya hapo huitwa mpinga maendeleo, au mkazi wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, anayetaka mji mzima uwe bustani yake. Naona hasikilizwi vizuri.

Wanaotaka kujenga nao wana hoja. Nyumba zinahitajika. Mitaa ya zamani kama Makasembo ilijengwa kwa nyumba za chini zenye uwanja mpana katikati, na usipojenga ghorofa hapo, mji utazidi kutambaa kuelekea Mamboleo na kumeza mashamba ambayo yana miti pia. Mizizi hupasua mabomba. Tawi lililooza likimwangukia mtu wakati wa mvua za Aprili, mfiwa hutamweleza habari za hewa safi. Na ipo hoja ya historia, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: wakoloni walijipandia miti walikoishi wao, kama Milimani, huku mitaa ya Nyalenda na Manyatta ikija kujaa mabati bila hata nafasi ya mche. Ukilinda miti mikubwa tu, si utakuwa unamlinda aliyekwisha kuwa na kivuli?

Lakini hiyo hesabu ya kumi kwa mmoja hainiingii akilini. Chukua mwembe uliotanda mita 12 kutoka upande hadi upande. Jua likiwa utosini, unafunika kama mita 113 za mraba. Mche uliotoka kitaluni, tuupendelee tuseme umetanda nusu mita, unafunika sehemu ya tano tu ya mita moja ya mraba. Kumi kwa pamoja inakupa mita mbili. Kurudisha kivuli cha mwembe ule leo kungetaka miche zaidi ya 500, na sijui kontrakta ataiweka wapi. Hapo bado tunajidanganya kwamba yote itapona, kando ya barabara, kati ya mbuzi na kiangazi cha Januari. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Watafiti waliopima miti ya Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta mti wenye shina la zaidi ya sentimita 77 ukiondoa uchafu hewani kwa mwaka takriban mara 70 ya mti wenye shina lisilofika sentimita 8. Chicago ni mbali, na miti yao si yetu, ila kazi hiyo hufanywa na majani popote pale, na mche hauna majani ya kutosha.

Itakua, utaambiwa. Ndiyo, miaka 20 au 30 ijayo. Wakati huo fundi viatu, vijana wa steji ya bodaboda na mama anayechemsha mahindi wanafanya kazi leo, katika mji ambao joto la Februari hupita nyuzi 30. Kwao mti ule ni ofisi isiyodai kodi. Hapa ndipo ile hoja ya Milimani inapogeuka: mwenye ua wake wenye miembe hapungukiwi chochote mti wa barabarani ukikatwa. Anayepungukiwa alitoka Nyalenda asubuhi kwa miguu.

Sera zetu zinapenda kupanda. Katiba ya 2010 inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, na serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Ni jambo jema, lakini sijamwona kiongozi akipigwa picha kwa sababu aliuacha mti alioukuta.

Ilhali chombo kipo. Sheria ya misitu ya 2016 inazitaka kaunti zihakikishe anayejenga mtaa wa nyumba ametenga angalau asilimia 5 ya ardhi iwe ya kijani. Mara nyingi asilimia hiyo hutafutwa mwishoni, kwenye kipembe kilichoshindikana kujengwa. Kwa nini isianzie pale miti mikubwa iliposimama, mpimaji akiichora kabla msanifu hajagusa kalamu? Inawezekana. Mwaka 2020 mti wa mugumo wa barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, wenye umri unaokadiriwa kupita miaka 100, uliponea chupuchupu kukatwa kwa ajili ya barabara mpya ya juu. Barabara ikajengwa na mti ukabaki. Ila ilibidi amri itoke kwa rais, na rais hawezi kuamrisha kwa kila mkuyu wa Kondele hapa Kisumu.

Ploti binafsi ndiyo ngumu zaidi. Kumkataza mtu kukata mti wake bila kumpa kitu ni kumfanya aukate usiku. Afadhali kaunti imruhusu ghorofa moja ya ziada, au impunguzie ada ya kupitisha mchoro, akiubakiza. Mti mgonjwa au wa hatari ukatwe bila kesi. Na pale ambapo kweli hakuna njia, mjenzi alipie kivuli kwa mita za mraba badala ya idadi ya miche, aitunze hadi ishike, na sehemu kubwa ipandwe Manyatta na Nyalenda, kwenye shule na kando ya njia ambako haikuwahi kupandwa.